Klorofili inanasaje nuru, na kwa nini mchicha wa kwenye chupa uliwaka mwekundu

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha Baiolojia kidato cha pili. Tulitwanga mchicha, tukauloweka kwenye spiriti na kuchuja ili wanafunzi waione klorofili kwa macho yao. Kijana mmoja alikuwa na tochi ndogo ya kukagulia noti bandia. Alipoimulika ile chupa, maji ya kijani yakawaka mekundu, darasa zima likapiga kelele. Tukamulika jani bichi la mchicha uleule, hakuna kitu. Kitabu kinasema tu kwamba "klorofili hunasa nishati ya jua". Inainasaje hasa? Ule wekundu ulitoka wapi, na jani lenyewe mbona halikuwaka?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Huyo kijana mpe zawadi, maana kwa tochi yake amewaonyesha nusu ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa nuru, ambayo vitabu vingi vya sekondari huiruka. Ule wekundu ni nishati ambayo klorofili ilikwisha kuinasa, ikakosa wa kumpa, ikaitoa tena kama nuru. Kunasa nuru peke yake si kazi kubwa. Rangi ya shati nayo inanasa nuru, ndiyo maana shati jeusi linachoma juani. Kazi iko kwenye kukabidhi kilichonaswa kabla hakijapotea, na muda wenyewe ni mfupi mno. Jani lina mpango wa kukabidhi. Chupa yenu haina.

Tuanze na klorofili yenyewe. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Mkia ni mnyororo mrefu wa kaboni unaopenda mafuta na kukataa maji. Huo ndio uliowalazimu kutumia spiriti, kwani maji matupu yasingeutoa ule ukijani. Kichwa ni duara bapa la kaboni na naitrojeni, na katikati yake, ikiwa imeshikwa na naitrojeni nne, imekaa atomu moja ya magnesiamu. Kwenye duara hilo kuna elektroni ambazo hazikufungwa kwenye atomu moja moja, bali zimetandaa kote. Elektroni za namna hiyo hazihitaji nguvu nyingi kupandishwa ngazi, kwa hiyo nuru ya kawaida tunayoiona inatosha. Sukari na chumvi, kwa mfano, hushika elektroni zao kwa nguvu kiasi kwamba nuru hiyo hiyo inazipita tu, nazo hazina rangi.

Nuru huja kwa vipande, yaani fotoni, na kila fotoni ina kiasi chake cha nishati: ya bluu kikubwa, ya nyekundu kidogo. Elektroni haichukui nusu ya fotoni. Inachukua moja nzima, tena kwa sharti kwamba nishati yake inalingana na ngazi iliyopo. Klorofili a, ambayo ndiyo iliyo nyingi zaidi kwenye mchicha wenu, ina ngazi mbili zinazotuhusu. Ya chini hufikiwa kwa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 660 klorofili ikiwa kwenye kimiminika kama spiriti. Ya juu hufikiwa kwa bluu inayoelekea zambarau, karibu na nanomita 430. Katikati, kwenye kijani, hakuna pa kutua vizuri, kwa hiyo kijani hupita au hurudi machoni petu.

Hapa wanafunzi wengi huandika kwamba jani halitumii kijani hata kidogo, na walimu tunawapa alama. Si kweli. Klorofili hukipokea kijani kwa udhaifu, lakini ndani ya jani nuru hugongwagongwa na kuta za seli na kupita kloroplasti nyingi, yaani vijumba vya klorofili ndani ya seli, hivyo sehemu kubwa ya kijani nayo huishia kunaswa. Tunachokiona ni masalio tu, ila ni masalio mengi kuliko ya nyekundu na bluu.

Sasa ile tochi. Taa hizo hutoa zambarau na miali iliyo ng'ambo ya zambarau, yenye nishati nyingi, kwa hiyo elektroni ilirushwa hadi ngazi ya juu. Huko haikai. Kabla hata pikosekunde moja haijaisha, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, imeshateremka hadi ile ngazi ya chini, na tofauti imekuwa joto. Ndiyo maana kwa mmea fotoni ya bluu haifanyi kazi kubwa kuliko ya nyekundu: ziada yake imepotea kabla kazi haijaanza. Kwenye ngazi ya chini elektroni inakaa kwa takribani nanosekunde 5, sehemu 5 za bilioni ya sekunde. Kwetu huo si muda. Kwa molekuli ni muda mrefu sana. Ukiisha bila mtu wa kuipokea ile nishati, elektroni inarudi kwao, na kati ya safari tatu au nne za namna hiyo, moja hivi hutoa fotoni. Fotoni hiyo huwa nyekundu kwa sababu inatoka kwenye ngazi ya nyekundu. Mmulike kwa zambarau, mmulike kwa bluu, chupa itawaka nyekundu tu.

Ndani ya jani mambo ni mengine. Mwaka 1932 Robert Emerson na William Arnold, huko California, walimulika mwani wa seli moja uitwao Chlorella kwa mimweko mifupi sana ya taa. Kama kila klorofili ingekuwa inajifanyia kazi yake, mmweko mkali wa kutosha klorofili zote ungetoa oksijeni nyingi. Wakapata kiasi kidogo cha ajabu: molekuli moja ya oksijeni kwa kila klorofili 2,500 hivi, hata waongeze ukali wa taa namna gani. Leo tunajua kwamba oksijeni moja inahitaji fotoni zisizopungua 8 zilizofanya kazi. Gawanya, utapata klorofili kama 300 kwa kila mtambo mmoja unaofanya kemia yenyewe. Yaani klorofili karibu zote hazifanyi kemia yoyote. Zinapokea nuru na kuipeleka nishati kwa chache zilizoteuliwa, na kundi hilo la wapokeaji tunaliita antena.

Sababu yake ni ya uchumi. Hata kwenye jua kali la mchana, klorofili moja hupata fotoni mara chache tu kwa sekunde. Kila moja ingekuwa na mtambo wake kamili wa protini, mitambo mingi ingekaa bure, na protini ni ghali kwa mmea unaohangaikia naitrojeni ya udongo.

Nishati husafirije kutoka klorofili moja hadi nyingine? Klorofili ya kwanza haitoi nuru ikapokelewa na jirani, wala elektroni haihami. Klorofili iliyopandishwa huutikisa uwanja wa umeme unaoizunguka. Jirani aliye karibu, mwenye ngazi inayolingana, huupokea mtikiso huo. Huyu anashuka, yule anapanda. Ni soka la pasi fupi fupi: anayekaa na mpira anaporwa, na waporaji wenyewe ni joto na ule wekundu mliouona. Pasi moja huchukua pikosekunde chache, mara nyingine pungufu ya moja, kwa hiyo ndani ya nanosekunde 5 kuna nafasi ya pasi elfu moja au zaidi.

Mpangilio wenyewe ni wa kustaajabisha, na hapa nitakaa kidogo. Klorofili za kwenye jani zimesongamana kiasi kwamba kama ungezikoleza hivyo hivyo kwenye spiriti, zingeuana nguvu: nishati ingenaswa kwenye jozi zilizogusana vibaya ikaishia kuwa joto tupu, chupa isingewaka wala kufanya chochote. Jani linaepukaje? Protini inazishika moja moja, kila moja mahali pake, kwa umbali wa nanomita moja hivi na kwa pembe maalumu. Protini kuu ya antena katika mimea ya nchi kavu ina klorofili 14 kwa kila kipande: 8 za aina a na 6 za aina b. Klorofili b hupokea bluu na nyekundu za urefu tofauti kidogo na a, na ngazi yake ya chini iko juu kidogo ya ile ya a. Kwa hiyo pasi kutoka b kwenda a ni rahisi, kurudi ni vigumu. Rangi za njano, jamii ya ile iliyo kwenye karoti, nazo hupokea bluu na kuipitisha.

Mwisho wa pasi hizo ni kitovu cha mmenyuko. Katika mtambo uitwao fotosistimu ya pili, klorofili zilizoko hapo huitwa P680, kwa sababu hupokea nuru ya nanomita 680. Mpaka hapa kilichokuwa kikihama ni nishati tu, na elektroni zote zilikuwa zimerudi mahali pake. Kwenye P680 elektroni yenyewe inaondoka, na ndani ya pikosekunde chache imepokelewa na molekuli ya jirani iitwayo feofitini.

Feofitini unaijua kutoka jikoni, Mwalimu, hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ni klorofili iliyong'olewa magnesiamu, nafasi yake ikachukuliwa na hidrojeni mbili. Mchicha au kisamvu kikikaa sana motoni, asidi ya mboga yenyewe, ikiongezewa na ya nyanya au ndimu, huing'oa magnesiamu, na ukijani unageuka ukhaki. Bibi zetu waliotia magadi kwenye kunde walikuwa wakiipunguza asidi hiyo, mboga ikabaki kijani. (Magadi huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo usinielewe vibaya.) Sasa rangi hiyo ya mboga iliyopikwa ikapitiliza ndiyo iliyowekwa kwa makusudi ndani ya mtambo mkuu wa usanisinuru, kwa sababu feofitini hupokea elektroni kwa urahisi kuliko klorofili yenye magnesiamu.

Kutoka hapo elektroni ingeweza kurudi ilikotoka na kazi yote kuwa bure. Hairudi, kwa kuwa kabla haijageuka inachukuliwa na kwinoni ya kwanza, molekuli ya kubeba elektroni, kisha ya pili, kila moja ikiwa mbali zaidi na P680 na chini kidogo kwa nishati. Sehemu ya nishati inatolewa kafara kuwa joto, na kinachopatikana ni muda: pikosekunde zinakuwa maikrosekunde, maikrosekunde zinakuwa milisekunde, na kemia ya kawaida ya seli, ambayo ni ya polepole, inapata nafasi ya kufanya kazi. Mtu akinitaka nimwonyeshe mahali ambapo nuru imenaswa kweli, nitamwonyesha hapa. Yanayotangulia hapa yangeweza kufutika bila kuacha alama.

Nyuma imebaki P680 yenye pengo, inayotaka elektroni kwa nguvu kuliko karibu kitu chochote kingine kilicho hai. Inaitoa wapi? Kwenye maji, kupitia fungu dogo la atomu 4 za manganizi na moja ya kalisi, ambalo umbo lake lilichapishwa kwa undani na watafiti wa Japani mwaka 2011. Fotoni ya kwanza inaondoa elektroni moja, ya pili nyingine, na ikifika ya nne, molekuli mbili za maji zimepasuliwa na oksijeni inatoka. Oksijeni mnayoivuta darasani sasa hivi ilipatikana kwa njia hiyo.

Yanayofuata yameandikwa kwenye vitabu vyenu, nitayapitia haraka. Elektroni zinaelekea fotosistimu ya kwanza, njiani zikisaidia kusukuma protoni, zile zinazoleta asidi, ndani ya vifuko bapa vya kloroplasti; huko kitovu cha P700 kinazipandisha tena kwa fotoni nyingine; mwisho zinaishia kwenye NADPH, molekuli inayozibeba. Protoni zikitoka zinazungusha mtambo unaounda ATP, molekuli ya kubebea nishati. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyotumika kuunda sukari kutoka hewa ya ukaa. Klorofili haigusi hewa ya ukaa hata mara moja, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea.

Jani lenu lilikuwa linawaka pia, ila kidogo. Kati ya fotoni 100 zilizonaswa, moja au mbili tu hutoka kama wekundu, na sehemu ya wekundu huo hunaswa tena na klorofili za jirani kabla haujatoka nje. Ukichanganya na zambarau ya tochi inayorudi machoni, huoni kitu. Mnaweza kuuona hivi: jani likae gizani dakika 20, kisha chumba kikiwa na giza mlimulike kwa tochi ya bluu mkilitazama kupitia nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, iliyokunjwa mara tatu au nne. Mwanzoni linang'aa, halafu katika dakika chache mng'ao unafifia. Hans Kautsky aliliona hili Ujerumani mwaka 1931. Jani lililotoka gizani lina foleni: kwinoni zinajaa haraka, elektroni hazina pa kwenda, wekundu unaongezeka. Kadiri kazi ya kutengeneza sukari inavyochangamka, njia inafunguka na wekundu unapungua.

Mwanga huo mdogo umekuwa na faida kubwa. Mwaka 2011 zilichapishwa ramani za kwanza za dunia nzima za mng'ao wa mimea, zilizotokana na setilaiti ya Japani iitwayo GOSAT, ambayo ilirushwa kwa ajili ya kupima hewa ya ukaa. Kutoka angani inawezekana sasa kujua mimea ya eneo fulani inafanya kazi kiasi gani, na ukame huonekana humo.

Dawa ya magugu ya atrazini, inayotumika kwenye mahindi, hufanya kazi kwa kukaa mahali pa kwinoni ya pili. Elektroni zinakwama. Watu hudhani gugu linakufa kwa njaa, lakini linakufa kabla ya njaa. Nishati iliyokosa pa kwenda hubaki kwenye klorofili kwa muda mrefu kuliko kawaida, hukutana na oksijeni, na kuigeuza kuwa ya aina kali inayochoma utando wa seli. Mahindi yanapona kwa sababu yana kimeng'enya kinachoifunga atrazini na kuimaliza nguvu.

Hatari hiyo hiyo ipo bila dawa yoyote, kila siku saa sita mchana. Jua linaleta fotoni nyingi kuliko kitovu kinavyoweza kuhudumia. Jani hujilinda kwa zile rangi za njano: asidi ikizidi ndani ya vifuko bapa, moja ya rangi hizo hubadilishwa umbo, na antena inaanza kutupa nishati kama joto kwa makusudi. Hata hivyo protini mojawapo ya kitovu huharibika, hung'olewa na kuundwa upya tena na tena mchana kutwa. Mche wa kahawa uliokulia kwenye kivuli cha kitalu hauna ulinzi wa kutosha, na ukiutoa ghafla juani majani yanapauka na kuungua hata kama umemwagilia vizuri. Wakulima huuzoesha jua polepole, na wako sahihi.

Kama ratiba inaruhusu, fanyeni jaribio la pili. Chukueni yale maji ya kijani mliyochuja, mtie siki kidogo, chupa ikae kwenye maji ya moto hadi rangi iwe ya ukhaki. Hiyo ni feofitini. Mulikeni: bado itawaka nyekundu. Gawanyeni mara mbili. Nusu moja muitie mrututu, yaani salfeti ya shaba, chembe kidogo iliyoyeyushwa, na muirudishe kwenye maji ya moto nusu saa. Ukijani utarudi, safari hii ukielekea bluu, kwa sababu shaba imekalia kiti cha magnesiamu. Rangi hiyo haifi haraka, ndiyo maana makumbusho hutumia shaba kuhifadhi mimea ikiwa kijani kwenye chupa, na ndiyo hasa iliyomo kwenye nyingi ya zile chupa za "klorofili ya maji" zinazouzwa kwa ahadi za kusafisha damu. Mulikeni sasa. Wekundu utakuwa umefifia sana, kwa kuwa shaba huiteremsha elektroni papo hapo na nishati yote inakuwa joto. Kijani ni karibu kilekile kwa macho, nuru inanaswa vilevile, lakini zile nanosekunde 5 hazipo tena, na bila hizo hakuna antena wala kitovu kinachoweza kupata kitu.

Maji yachemshiwe kwingine na kuletwa kwenye beseni, kwa sababu mvuke wa spiriti hulipuka ukikutana na moto. Mkimaliza, yenye mrututu yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea bwawa la samaki. Shaba kidogo tu inatosha kuwaua.